Mabosi wa Marekani, besiboli yenu inatutesa kazini!

Wakuu, mniache niteme nyongo. Mods, huu uzi msiuunganishe.

Niko zangu Mbagala, nafanya mahesabu mtandaoni, bosi yuko Chicago. Wiki iliyopita kanitumia ujumbe: "Give me a ballpark figure for repairs." Nikaona ball, nikaona park, nikajua jamaa anakarabati uwanja. Nimekesha natafuta bei ya nyasi bandia na nguzo za goli! Kumbe alitaka makadirio ya juu juu tu ya kukarabati ofisi.

Kesho yake namwomba tuongee kuhusu malipo yangu. Jibu: "Can I take a rain check?" Nikasubiri mvua ikatike. Sitanii. Nikafungua hadi hali ya hewa ya Chicago, jua linawaka. Nikamwandikia kwamba huko hakunyeshi. Akaniwekea kile kikatuni cha kucheka, na hela hakuna mpaka leo.

Baadaye ndiyo nasoma kwamba alikuwa anaomba tuahirishe, na kwamba tangu miaka ya 1880 huko kwao, mvua ikivuruga mechi ya besiboli, mtazamaji alipewa kipande cha tiketi aingie nacho siku nyingine bure. Sawa. Sasa mimi kipande changu kiko wapi?

Kinachoniuma zaidi, kwenye tathmini kaandika Kiingereza changu kina shida. Kiingereza! Nilichopata B kidato cha nne! Mwalimu gani Bongo alishawahi kufundisha "curveball"? Eti ni mpira unaotupwa ukapinda njiani kumhadaa mwenye gongo. Hawa watu hadi sheria wanazitoa mchezoni: California mwaka 1994 walipitisha ya "three strikes", kosa kubwa la tatu unakula miaka 25 hadi maisha, kwa sababu mpigaji akikosa mara tatu anatoka.

Na sisi tuna za kwetu, sikatai. Mtu anakula chenga, anajifunga mwenyewe, analimwa kadi nyekundu. Ila siwezi kumwandikia mgeni "umenipiga chenga kwenye malipo" halafu nikamwona mbumbumbu asipoelewa.

Haya, leo kaja na mpya: "Let's touch base Friday, but don't get too inside baseball." Touch base nimeshaikariri, ni kuwasiliana kidogo kikazi. Hiyo ya pili ndiyo mdudu gani? Mwenye kujua anijuze upesi, kikao ni hiyo Ijumaa saa nne usiku.