Naomba ushauri: tusome kwanza au tutazame kwanza?

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu hapa Mikindani, Mtwara, na kila Jumamosi jioni wasomaji saba hukutana barazani kwangu kujadili riwaya huku tukitafuna korosho. Sasa tumekwama kwenye Game of Thrones, tamthilia iliyorushwa na HBO kuanzia mwaka 2011 hadi 2019, iliyotokana na riwaya za George R. R. Martin. Wenzangu wanne wameitazama tu. Sisi watatu tumesoma, tena kwa kupokezana nakala moja iliyokwisha kubanduka jalada.

Ugomvi ulizuka tulipofika kwenye harusi ya mauaji, ambapo mfalme kijana Robb Stark na watu wake wanauawa karamuni. Katika televisheni mke wa Robb Stark anaitwa Talisa, na anachomwa kisu cha tumbo akiwa mjamzito, ilhali kitabuni anaitwa Jeyne na harusini hapo hakufika kabisa. Mama yake Robb naye, ambaye kitabuni anafufuliwa na kurudi kulipiza kisasi, katika tamthilia anakufa moja kwa moja. La Talisa nalivumilia. Hili la mama silisamehe, kwa kuwa limefuta mkondo mzima wa hadithi.

Je, niwashurutishe wote wasome kwanza, au tuchukue tukio moja, tulisome na kulitazama jioni hiyo hiyo (umeme ukituruhusu)? Na misimu ya mwisho, ambayo ilitangulia vitabu ambavyo mwandishi hajavimaliza, tuipime kwa kipimo gani?