Naomba ushauri: Batian mwezi wa saba, nipite upande gani?

Chukudu_wa_Birere (Goma)
Bakubwa, salamu. Munisaidie haraka, usingizi umekataa. Mwezi wa saba naenda Mlima Kenya kupanda Batian, kilele chake kirefu kuliko vyote, mita 5,199. Kuna wanaonishauri upande wa kaskazini, wengine kusini-mashariki hadi Nelion, kilele cha jirani, kisha nivuke Lango la Ukungu, lile pengo lililo kati ya hivyo viwili. Njia gani nzuri? Mambo ya safari nimeshamaliza. Aksanti.

Kamba_Tatu (Nanyuki)
Kaskazini. Mlima uko karibu na ikweta: Juni hadi Septemba jua liko kaskazini na mwamba wa huko unakauka, kusini nyufa zinajaa theluji na barafu. Desemba hadi Machi mambo yanageuka. Hiyo ya kusini-mashariki, njia ya Shipton na Wyn-Harris ya 1929, ni tamu, lakini ni ya Januari. Ya kaskazini Firmin aliifungua 1944. Zote mbili ni za kamba. Umeshapanda wapi kwa kamba, na mwenzako ni nani?

Bibi_Sambaza (Bukavu)
Mimi Nyiragongo tu, mita 3,470, ilinitoa roho. Mume wangu alibeba kuku mzima wa kuchoma. Tulipofika juu hamu ya kula hakuna, kuku akaliwa na mbeba mizigo. Mwanangu, huko unafuata nini?

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Makuta hayo yangelipa minerval, ada ya shule, ya watoto wangapi? Vijana wa leo!

Chukudu_wa_Birere
Mwalimu, sina watoto. Kamba_Tatu, uzoefu ninao. Mwaka jana nilifika kileleni, nikalala Howell Hut na wabebaji. Swali langu ni njia tu.

Kamba_Tatu
Mwenzako ni nani?

Chukudu_wa_Birere
Sawa. Ni vijana wawili wa mtaani kwetu, wa miaka 19 na 21. Mimi ndiye nitawaongoza. Baba yao ameshatoa dola 600 za avansi. Sikumuomba, mzee mwenyewe aliona picha zangu akavutiwa. Mwezi wa sita nitawafundisha. Nusu ya pesa imeshaingia kwenye vifaa, kwa hiyo musiniambie nirudishe.

Fundi_Lushi (Lubumbashi)
Sisi huku mlima wetu ni lile rundo la mabaki ya shaba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa avansi 😂

Jicho_la_Himbi (Goma)
Ngojeni. Howell Hut iko juu kabisa ya Nelion, kibanda cha bati cha watu wachache, unaingia umeinama. Wabebaji walifikaje huko na masufuria? Hadithi imetungwa hii. Kuna mwingine alituambia hapa amepanda Mikeno kwa ndala.

Bibi_Sambaza
Na mimi nimeshamsimulia kuku wangu wote!

Chukudu_wa_Birere
Sijatunga. Nilichanganya majina, ilikuwa Austrian Hut, kibanda kingine. Na kilele nilichofika ni Lenana, mita 4,985. Lakini bango lipo pale, picha ninayo. Mlima si ni uleule?

Mwalimu_Kadutu
Lenana alikuwa mtoto wa Mbatian, laiboni (kiongozi wa kiroho) wa Wamasai. Mackinder ndiye aliyevipa vilele majina yao, yeye aliyefika Batian wa kwanza 1899. Wewe umesalimiana na mtoto, sasa unawapeleka watoto wa watu kwa baba?

Kamba_Tatu
Lenana unafika kwa miguu, kamba huhitaji. Batian ni mwamba kutwa nzima, giza linaingia saa moja, mawingu yanatangulia mchana. Na kushuka ni kwa kamba hatua kwa hatua, hapo ndipo watu wanapopotea. Tafuta kiongozi wa mwamba hapa Nanyuki, ninyi watatu mfuate nyuma yake.

Chukudu_wa_Birere
Kiongozi atameza avansi yote. Halafu mzee ataniona vipi? Tena ana binti.

Bibi_Sambaza
Ahaaa! Ungeanzia hapo, mwanangu. Anaitwa nani?

Fundi_Lushi
Posa ya mita 5,199! Kwetu mbuzi wanatosha.

Kamba_Tatu
Muacheni kwanza na posa. Chukudu, vifaa ulivyonunua ni vipi? Kamba je? Ikivutwa inanyumbuka? Ya kupandia lazima inyumbuke, ndiyo impokee anayeanguka bila kumvunja.

Chukudu_wa_Birere
Hapana, hiyo usiwe na wasiwasi. Ni ya bato kubwa la ziwani, ngumu kama waya. Ndiyo maana niliipenda.