Paka wangu kapotea, leo siku ya nne, na mtaa wenyewe tumehamia juzi tu

Mama Karanga

Wakuu habari za saa hizi. Najua kuna watakaocheka ila naandika hivyo hivyo, nimechoka kulia jikoni peke yangu. Jumamosi tumehama Magomeni tukaja Tabata Kimanga, mimi na baba watoto na watoto wawili na paka wetu Karanga. Dume, rangi ya chungwa, miaka mitatu, sikio la kushoto lina pengo, alichanwa na shume mmoja kule Magomeni. Jumapili kashinda chini ya kitanda ila anakula vizuri. Jumatatu ndo kaja fundi wa king'amuzi, alivyowasha tu ile drili kutoboa ukuta paka kapita katikati ya miguu yangu mpaka jikoni, wavu wa dirisha ulikuwa umeachia kona moja, sijui mwili wote ule ulipitaje pale, nimekuta nywele tu zimening'inia kwenye msumari.

Tangu hapo sijamwona. Mchana nazunguka natikisa kopo la dagaa naita, watoto wa mtaa wananifuata nyuma na wao wanaita Karangaaa, jana muuza karanga kageuza baiskeli akidhani nataka kununua. Baba watoto anasema paka hapotei atarudi mwenyewe. Mama mkwe nimempigia nikiwa nalia akaniuliza "kwani nani kafa?" Nikaona aibu nikakata simu. Mwanangu wa mwisho kila jioni anajaza maji kwenye kibakuli chake, halafu asubuhi namwaga kabla hajaamka ili adhani yamenywewa.

Ninachotaka kujua, inawezekana anarudi Magomeni? Maana hapo lazima avuke Barabara ya Mandela na yale malori, nikifikiria hivyo usingizi unakata kabisa. Na mliowahi kumpata wenu, mlimpataje? Nawasilisha.

Mpita Njia

Dada kodi imepanda, maji hakuna, wewe unalilia nyau 😂 Nenda sokoni kaokote mwingine, wapo wa bure.

Bint Mkunazini

Wewe Mpita Njia kama huna la kusema si upite kama jina lako. Pole sana dada yangu. Sie huku Unguja paka ni watu wa nyumbani, kuna sahaba mzima kajulikana kwa jina la Abu Huraira, baba wa kipaka, kwa mapenzi yake kwa paka, seuze mimi na wewe.

Mie wangu alipotea mwezi mzima kasoro siku mbili. Nilizunguka Mji Mkongwe wote mpaka Darajani sokoni kwenye samaki, kila paka wa kijivu namwinamia kumtazama uso, watu washaanza kuniona nina kasoro. Kumbe yupo kwa jirani wa ghorofa ya juu, bibi mmoja, kampa jina jingine na anamlisha changu wa kukaanga. Nilipomchukua alinitazama kama mimi ndo mwizi. Kwa hiyo gonga milango dada, usiulize tu njiani. Na usiulize "mmemwona paka?" maana utajibiwa hapana, kila mtu kaona paka. Waoneshe picha.

Dokta wa Mbuzi

Mimi ni mtu wa mifugo, kazi yangu kubwa ni mbuzi na ng'ombe ila paka nawaona sana.

Mama Karanga, tulia nikwambie. Paka wa kufugwa akitoka kwa kushtuka, tena sehemu asiyoijua, mara nyingi hakimbii mbali. Anaingia shimo la kwanza analoliona na kuganda humo. Nyumba ya pili, ya tatu, chini ya simtanki, nyuma ya matofali, ndani ya dari la jirani. Na hapo ndo watu wanapokosea, wanasema nimeita hajaitika basi hayupo. Paka mwenye hofu haitiki hata kwa mwenyewe. Anakusikia vizuri sana ila kulia kwake ni kujitangaza kwa adui, kwa hiyo unaweza ukapita hatua mbili kutoka alipo na dagaa zako na asitikisike. Hilo jeshi la watoto nyuma yako ndo linazidi kumfukia.

Toka saa saba saa nane usiku, watu na mbwa wametulia. Nenda wewe na mtu mzima mmoja, usiende peke yako, na mlinzi au mjumbe ajue msije mkapigiwa kelele za mwizi. Shika tochi usawa wa macho yako, mulika chini chini, uvunguni. Macho ya paka yana utando nyuma unaorudisha mwanga, utayaona yanawaka hata kama mwili umefichika wote. Halafu kaa chini. Ongea kawaida kama unavyoongea ukiwa unapika, usiite.

Kuhusu Magomeni, wapo paka waliorudi nyumba ya zamani, siwezi kukudanganya. Waachie namba wapangaji wapya wa kule. Ila nguvu zako weka hapo Kimanga kwanza.

Ukimwona usimrukie. Akikung'ata au kukuparura osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima kisha uende hospitali, kichaa cha mbwa hata paka anabeba. Na usikae ukisema atarudi akishikwa na njaa. Paka, hasa mnene, akikaa siku kadhaa bila kula ini linaanza kuharibika. Ukimpata mpe kidogo kidogo.

Mama Karanga

Dokta ubarikiwe. Sasa kuna mtu kanishauri nimwage mchanga wake wa choo nje ya geti ili anuse arudi, ni kweli?

Mtu wa Likoni

Ndiyo, mimi nilifanya hivyo hapa Likoni na paka alirudi usiku wa pili. Nilimwaga mchanga na nikaacha leso yangu nilolalia pale barazani.

Dokta wa Mbuzi

Leso sawa kabisa, tena isifuliwe. Mchanga mimi siupendi. Harufu ile inaita na mashume wa mtaa, wanakuja kukojoa juu yake kupima mipaka, halafu wako mgeni na mwoga anakuta geti lina wababe watatu. Bora nguo na kibakuli cha samaki, na dirisha alilotokea liachwe wazi.

Mtu wa Likoni

Haya daktari, lakini wangu alirudi.

Chogo

Mimi sina ushauri. Wetu alikula panya aliyekula sumu, jirani alitega bila kusema. Tulimkuta nyuma ya tanki siku ya tatu. Naomba tu uwaambie majirani kama kuna aliyetega wakuambie, na usinunue ugomvi, sema kwa upole. Mimi niligombana na jirani na mpaka leo hatusalimiani na paka hajarudi.

Mama Karanga

MREJESHO. Jana saa nane kasoro tulitoka, mimi na baba watoto (yule yule wa "atarudi mwenyewe", kavaa msuli na tochi ya simu), mlinzi wa jirani tumeshamuaga. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna pagala, limeishia kwenye renta, ndani majani na mifuko ya saruji iliyoganda. Mchana nimepita hapo si chini ya mara kumi naita. Tumemulika uvungu wa mbao za fomu tukaona vitone viwili vya kijani. Nikakaa chini kwenye mchanga, nikaanza kumsimulia baba watoto bei ya nyanya, basi tu, sikuwa na la kusema lingine. Kama nusu saa. Kwanza kikatoka kilio kidogo kimekauka, kama mlango usio na mafuta. Halafu pua. Halafu lile sikio lenye pengo.

Kakonda, kucha mbili zimevunjika, ananuka saruji. Yuko chini ya friji sasa hivi, hataki kutoka, ila mkono wa mbele anautoa nje ukimsogezea dagaa. Wavu nimeukandamiza na misumari sita. Fundi wa king'amuzi atajuta kurudi.

Mpita Njia

Hongera dada. Mtoto kaambiwa?

Mama Karanga

Kaambiwa. Kasema "mbona alikuwa anakunywa maji kila siku?"

Kimanga Mwisho

Dada samahani kuingilia, na mimi niko Kimanga. Wangu jike mweusi, wiki ya pili hii, na mweusi tena unajua watu walivyo na imani zao nimeogopa hata kubandika tangazo. Hilo pagala liko upande gani?

Mama Karanga

Njoo PM mpenzi. Leo saa saba usiku, tochi ninayo.