Tupeane uzoefu: Kipimo cha damu cha malengelenge, maabara moja "chanya", nyingine "hasi"

Binti wa Sakina

Habari zenu wapendwa. Naanzisha hili kwa sababu naamini tuko wengi tunaolibeba kimyakimya.

Tulikuwa kwenye maandalizi ya ndoa. Tukaona tusiishie kwenye kipimo cha VVU, tupime na magonjwa mengine. Maabara ya kwanza hapa Arusha mjini ikanipa karatasi: HSV-2 IgG (kipimo cha kirusi cha herpes aina ya 2, kinacholeta malengelenge sehemu za siri), 1.6, chanya. Maabara ya pili, damu ya wiki ileile: hasi. Hiyo ya pili haikuandika namba, ni neno tu. Mwenzangu hasi kote kuwili. Sijawahi kutokwa na lengelenge hata moja sehemu za siri, na yeye vilevile.

Aliyepitia hali hii anajua usiku unavyokuwa mrefu. Hata tiba huiwazi. Unawaza umeutoa wapi, na kama mwenzako atakuamini.

Daktari niliyemwendea baadaye alikaa na mimi bila haraka. Akaniambia kipimo hiki hakimtafuti kirusi mwenyewe, kinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi yake. Kwa vitendanishi vingi vya aina hiyo, kuanzia 1.1 wanaandika chanya, lakini kati ya 1.1 na 3.0 wengi huja kuonekana hawana kitu. Mwongozo wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, wa mwaka 2021 unasema majibu ya chini ya 3.0 yathibitishwe kwa kipimo cha namna nyingine kabla mtu hajaambiwa ameambukizwa. Kwa hiyo ile 1.6 yangu haitoshi peke yake.

Naomba mnaojua mseme. Mkiandika, tajeni kama ilikuwa IgG au IgM (aina mbili za kingamwili), kirusi cha aina ya 1 au ya 2, namba kama ipo, na kama mlikuwa na vidonda. Majina ya maabara na hospitali tuyaache.

Mama G, Rau

Pole sana mdogo wangu. Yangu ilianza na mimba kutoka. Nikapimwa lile kundi la vipimo vya maambukizi yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni, linaloitwa TORCH, likarudi na herpes IgM chanya. Aina hawakutenganisha, namba haikuwepo, na vidonda sikuwa navyo. Nikaandikiwa aciclovir, dawa ya virusi vya herpes, mume wangu naye akaambiwa ameze.

Nyumbani pakawa hapakaliki. Mume wangu ni mpagazi, anapanda mlima na wageni, kila safari ni siku kadhaa hayupo. Nikaona jibu nimeshalipata. Yeye naye akaniangalia mimi, maana ndiye niliyebaki nyumbani. Hakuna aliyekiri kitu kwa sababu hakukuwa na cha kukiri. Tukaishia kwa wasimamizi wetu wa ndoa, na Mungu ni mwema, yule mama ni muuguzi. Aliiangalia karatasi akasema: "Msigombane hapa, nendeni kwa daktari wa wanawake mkiwa wawili."

Daktari alituambia IgM ya herpes haifai kumhukumu mtu. Watu wanadhani IgM maana yake maambukizi mapya, lakini kwa kirusi hiki inaweza kutokea hata kwa mtu aliyekaa nacho miaka mingi. Inaweza pia kuchanganywa na virusi vingine vya ukoo huohuo, na haitofautishi vizuri aina ya 1 na ya 2. Nikapimwa IgG ya aina ya 2 peke yake, ikawa hasi. Mimba iliyofuata ilikaa, na mtoto sasa yuko chekechea.

Kinachoniuma mpaka leo ni ile miezi tuliyolala tumepeana migongo kwa sababu ya kipimo ambacho hakikupaswa hata kuagizwa.

Kijana wa Pasua

Mimi waliandika "Herpes: chanya", basi. Nikarudi kuuliza ni aina gani, wakasema ya 1. Tangu utoto nikiugua malaria lazima vidonda vya homa vinitoke mdomoni. Kumbe ndiyo hiyohiyo.

Fundi wa Maabara, Arusha

Niongezee, kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kaka wa Pasua, hauko peke yako. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2020 ni kwamba karibu asilimia 64 ya watu wenye umri chini ya miaka 50 wana HSV-1, na wengi waliipata wakiwa watoto. Ila tusidanganyane kwamba aina ya 1 ni ya mdomoni tu. Inaweza kufika sehemu za siri kwa ngono ya mdomo, na kipimo cha damu hakiwezi kusema kirusi kimekaa wapi mwilini. Hakisemi kiliingia lini wala kililetwa na nani. Hili ningependa kila mtoa huduma alitamke kabla ya kumkabidhi mtu karatasi.

Dada wa Sakina, maabara mbili kupishana kwenye 1.6 si lazima mmoja awe amefanya kazi vibaya. Kila kampuni ina vitendanishi vyake na mpaka wake, na ukiwa karibu na mpaka, mmoja atakuweka huku na mwingine kule. Namba za vitendanishi viwili tofauti usizilinganishe. Tafiti za Uganda na Kenya zilionyesha vipimo hivi hutoa chanya za uongo zaidi kwa damu za watu wa huku kuliko za Ulaya na Marekani, na watafiti wengine wakausogeza mpaka wa chanya hadi juu ya 3. Kwa hiyo kinachosemwa kuhusu namba ndogo kinatuhusu sisi zaidi. Mwaka 2023 hata mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia madaktari kuwaonya kuhusu chanya za uongo za HSV-2.

Kile kipimo cha haraka cha mistari nacho kina muda wake wa kusomwa. Kikiachwa mezani muda ukapita, mstari hafifu unaweza kujitokeza ambao hauna maana yoyote. Ukiambiwa "mstari umefifia", omba kurudia.

Kipimo kinachoaminika zaidi cha kuthibitisha kinaitwa Western blot, na kinachojulikana zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Kwa mtu wa kawaida wa hapa si rahisi kukifikia, nasema ukweli. Na hata huko Marekani, jopo la wataalamu wa kuzuia magonjwa, mwaka 2016 na tena 2023, limependekeza watu wasio na dalili wasipimwe herpes kwa damu kama utaratibu wa kawaida. Kwa asiye na dalili, madhara ya majibu ya uongo yanazidi faida.

Baba Wawili, Usa River

Mimi yangu ni kinyume, na naiandika ili mtu asije akasoma hapo juu akadhani kila chanya ni ya uongo.

Nilitokwa na malengelenge kweli: madogo, yamekaa kwa kundi, yanachoma kama moto, na mitoki ya kinena imevimba. Nikakimbilia kupima damu. Ikaja hasi, nikaambiwa ni fangasi, nikapewa dawa ya kupaka. Yalikauka yenyewe, miezi ikapita, yakarudi palepale.

Safari hii ndugu yangu aliniambia nipande gari niende Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha tangu 1992, na wanashughulikia magonjwa ya zinaa pia. Daktari aliangalia tu akajua. Akanieleza kwamba damu ya mara ya kwanza niliitoa mapema mno: kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na kwa wengine ni mpaka wiki 12 hadi 16. Mwenye kidonda apimwe kidonda chenyewe kwanza. Wanapangusa kwa kijiti cha pamba lengelenge likiwa bado bichi, siku moja au mbili za mwanzo, kisha sampuli inapimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Likishakauka, hata PCR inaweza kukosa. Damu yangu iliporudiwa ilikuja HSV-2 chanya yenye namba kubwa, haina ubishi.

Alinipima VVU na kaswende siku hiyohiyo. Akaniambia mwenye HSV-2 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata VVU akikutana na mwenye navyo, kwa hiyo kondomu si jambo la kujadili. Dawa ya kukitoa kirusi hakuna. Aciclovir inafupisha siku za vidonda, na mtu anayetokwa mara kwa mara anaweza kumeza kila siku ili vipungue.

Mke wangu nilimweleza mwenyewe. Alilia, akakaa kwa dada yake kidogo, akarudi. Alipima, hasi. Tunaishi. Yanaponitoka tunajizuia mpaka yapone kabisa, ingawa daktari alitwambia kirusi kinaweza kupita hata ngozi ikiwa safi.

Mkazi wa Ngaramtoni

Mama yangu mzee aliandikiwa "herpes zoster" tukataka kufa kwa aibu. Kumbe ni mkanda wa jeshi. Unatokana na kirusi cha tetekuwanga, si hiki mnachozungumzia. Ulizeni hilo neno la pili.

Mjamzito, Kiboriloni

Nina mimba ya miezi saba na nina HSV-2 ya zamani, vidonda vilishathibitishwa. Nitamwambukiza mtoto?

Mama G, Rau

Mdogo wangu, nimemuuliza yule msimamizi wangu muuguzi. Anasema hatari kubwa ni kwa mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mimba, kwa sababu kingamwili zake hazijawahi kumfikia mtoto. Wewe wa zamani hatari yako ni ndogo sana, chini ya asilimia 1. Lakini mwambie mkunga kliniki mapema, usifiche. Wengine huanzishiwa aciclovir kuanzia wiki ya 36. Uchungu ukianza na kuna vidonda au unahisi ule mwasho wa kabla ya vidonda, sema palepale, maana hapo hupasuliwa. Na baba wa mtoto akitokwa na kidonda mdomoni, asimbusu mtoto.

Binti wa Sakina

Asanteni sana. Nimerudia baada ya miezi mitatu, maabara ileile ya kwanza na vitendanishi vilevile ili namba zilinganishike. Imekuja 1.3. Daktari anasema maambukizi ya kweli na mapya yangeipandisha namba ndani ya muda huo, na yangu haikupanda. Anaiona kama chanya ya uongo, ila hawezi kuniandikia hivyo bila kipimo cha kuthibitisha. Ameniandikia historia yote kwenye faili, na kwamba likitokea lengelenge lolote niende siku hiyohiyo lipanguswe.

Mwenzangu alikuwa amekaa kiti cha pembeni wakati haya yanasemwa, nilimwomba aje asikie kwa masikio yake. Tarehe ya harusi haijabadilika.

Kaka wa Usa River, nina swali: ile safari yako ya Moshi ulihitaji barua ya rufaa, au ulienda moja kwa moja? Kuna dada hapa jirani yangu ana vidonda tangu jana na anataka aondoke kesho asubuhi.