Mada: Fomu ya pamba za nyumba (za kuzuia baridi) imerudishwa, mwenye nyumba anasema Waziri Mkuu kafuta

Kutoka: Mama Shufaa
Jumatatu 2 Oktoba 2023, saa 4:17 usiku

Habari zenu ndugu zangu, poleni na kazi. Naomba msaada wa haraka kwa anayejua mambo ya ECO4, ule mpango wa kutia nyumba joto hapa Uingereza, kupitia kaunsili, ile njia yao ya LA Flex. Nyumba tunayokaa ni ya kupanga, EPC yake (alama ya nyumba kutunza joto, A mpaka G) ni E, ukuta wa matofali matupu hauna kitu ndani, chumba cha watoto fangasi wamepanda mpaka juu ya dirisha nafuta kwa jiki kila Jumapili Jumatano wamerudi. Mwezi wa tano mwenye nyumba alikuja mwenyewe na fundi wa kupima, akasema serikali inataka nyumba zote za kupanga zifike C kwa hiyo atabandika pamba kwenye kuta na darini kabla ya baridi, ila mimi ndo nijaze fomu ya kaunsili kwa sababu kinachoangaliwa ni kipato cha anayekaa ndani. Nikajaza. Wiki iliyopita fomu imerudi. Wanasema haijakamilika, sehemu ya benefiti, misaada ya serikali, niliacha wazi (niko viza ya Health and Care, ya wahudumu wa afya, NRPF, yaani siruhusiwi benefiti) na sahihi ya mwenye nyumba haipo. Nimempigia dalali wake hapokei, baadaye kaniletea imeli mistari miwili, eti kufuatia tangazo la Waziri Mkuu Rishi Sunak la tarehe 20 Septemba, la kulegeza masharti ya mazingira, mteja wake hana tena mpango wa kufanya hiyo kazi. Basi.

Naomba kujua, fomu naweza kuipeleka tena bila sahihi yake? Na pale kwenye benefiti niandike nini? Wamenipa mpaka Ijumaa. Mita yetu ni ya kulipia kabla, LUKU ya kizungu, niliweka pauni 20 hazikufika wikiendi na baridi yenyewe hata haijaanza.

Kutoka: Baba Neema
Jumatatu 2 Oktoba, saa 5:02 usiku

Pole sana dada. Hao jamaa ndo walivyo. Mimi boila yangu ni ya 2006, inanguruma kama lori la Scania linapanda Kitonga, nilikuwa nishaongea na fundi wa hitipampu, mashine ya joto ya umeme, ruzuku yake ya serikali, BUS, ilikuwa pauni 5,000, nishatafuta na hela ya kuongezea. Rishi kasimama pale kasema ruzuku inapanda mpaka 7,500, nikamwambia fundi ngoja kwanza. Sasa fundi kanuna, anasema wateja wake wote wamesema ngoja kwanza, hana kazi mpaka tarehe 23 ambapo hiyo hela mpya inaanza. Kwa hiyo kuna tuliopona kwenye lile tangazo, tusiseme ni baya lote.

Kutoka: Mzee Kibwana
Jumanne 3 Oktoba, saa 12:40 asubuhi

Naomba tusipotoshane, maana humu kila mtu ni mwanasheria. Hakuna sheria iliyofutwa. Rudia kusoma. Ile ya nyumba za kupanga kufika C, wapangaji wapya 2025 na wote 2028, lilikuwa PENDEKEZO, waliuliza maoni ya watu mwishoni mwa 2020 wakakaa nalo miaka karibu mitatu. Sheria iliyopo ni ya E, tangu Aprili 2018 kwa mikataba mipya na Aprili 2020 kwa mikataba yote, na hiyo haijaguswa. Nyumba ya F au G bila msamaha uliosajiliwa ndo kosa. Yako ni E dada, kwa hiyo mwenye nyumba yuko ndani ya sheria, hata kama watoto wanakohoa.

Ni kama yale mapipa saba ya taka Rishi aliyosema ameyafuta, na kodi ya nyama. Nani hapa alishawahi kuwa na mapipa saba? Mimi ninayo matatu na moja kaiba jirani. Mtu anafuta vitu ambavyo havikuwepo halafu anapigiwa makofi, na pale mbele yake wamembandikia maandishi ya maamuzi ya muda mrefu. Cha kweli kilichosogea ni marufuku ya magari ya petroli na dizeli mapya, kutoka 2030 kwenda 2035, na boila za gesi wamelegeza. Net zero ya 2050, ile ya hewa chafu kufika sifuri, yenyewe iko kwenye sheria tangu enzi za Theresa May 2019, hiyo hajaigusa.

Na Baba Neema, dada kauliza habari ya ukuta, wewe unajibu habari ya boila.

Kutoka: Mama Shufaa
Jumanne 3 Oktoba, saa 1:15 asubuhi

Shikamoo Mzee. Nimekuelewa, sheria haikuwepo. Sasa mbona wakati haipo pamba ilikuwa inakuja, na alipofuta isiyokuwepo pamba haiji tena?

Kutoka: Otieno (Reading)
Jumanne 3 Oktoba, saa 3:33 asubuhi

Hahaha Mzee ameshikwa hapo!! Lakini Mama Shufaa pole sana, hao malandilodi wa huku ni wale wale wa Umoja na Kayole, Nairobi, tu, tofauti ni accent. Mimi niliwaambia toka Julai, ile siku ya uchaguzi mdogo wa Uxbridge, Conservative, chama cha Rishi, walishinda kwa kura 495 tu kwa sababu watu wamekasirikia ULEZ, ile tozo ya London ya magari yanayochafua hewa, nikasema hawa sasa wameonja damu, kila kitu kinaitwa mazingira kitarushwa nje. Bro wangu ako Hayes, gari yake Zafira dizeli ya 2012, pauni 12.50 kila siku akienda kazi ya usiku na akivuka saa sita usiku anacharjiwa mara mbili juu siku imebadilika, unaona? Amechukua ile 2,000 ya skrapeji, ya kuachana na gari, sasa anapanda basi mbili. Kwa hiyo naelewa kwa nini watu walishangilia. Mtu maskini akiambiwa ukoloni wa mazingira umesimamishwa atashangilia tu.

Hata huko kwetu, si mlimwona Ruto kwa ile klaimeti samiti ya Nairobi, amejiendesha kwa kale kagari ka umeme ka manjano mpaka KICC, siku chache tu petroli ikapita 200. VAT ya mafuta wameweka 16 badala ya 8. Halafu Agosti nchi nzima ikakosa stima. Unachaji kagari na nini?

Kutoka: Hamisi wa Tanga
Jumanne 3 Oktoba, saa 7:50 mchana

Mimi linaloniuma ni moja. Bomba letu la mafuta, Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, mwaka jana Septemba wakatupigia kura bungeni kwao wakasema linaharibu hali ya hewa lisimame mwaka mzima. Wiki iliyopita tu, tarehe 27, hawa hawa wamepitisha Rosebank, kisima kipya cha mafuta baharini huko Shetland, na Julai walisema leseni mia na zaidi zinakuja Bahari ya Kaskazini. Sisi tukichimba tunachoma dunia, wao wakichimba wanalinda ajira. Shemeji yangu shamba lake la minazi limepitiwa na hilo bomba, mimi si kwamba nalipenda sana, fidia yenyewe ilikuwa kizungumkuti, lakini naomba anayetukataza awe wa kwanza kuacha.

Kutoka: Mzee Kibwana
Jumanne 3 Oktoba, saa 8:05 mchana

Hamisi. Iliyopiga kura ni Bunge la ULAYA. Uingereza ilishatoka. Hao si hawa.

Kutoka: Hamisi wa Tanga
Jumanne 3 Oktoba, saa 8:07 mchana

Mzee mie nikiwa nanyeshewa siulizi wingu limetokea wilaya gani.

Kutoka: Dada Rose
Jumanne 3 Oktoba, saa 3:48 usiku

Nimesoma yote nimetoka shifti naomba niseme na mimi nisipigwe mawe. Mimi ni mwenye nyumba. Kanyumba kamoja tu, vyumba viwili, nilinunua na marehemu mume wangu, na mpangaji wangu ni dada wa Kipolandi ana mtoto. Mwaka jana dalali wangu alinitisha na hiyo C ya 2025, nikakopa nikabandika pamba ukutani kwa ndani, chumba kimepungua kama upana wa kiganja, nikabadilisha na madirisha, elfu sita na ushee. Sasa Rishi kasema hailazimiki tena. Wenzangu waliokaa kimya wanacheka, na benki hainipunguzii deni kwa sababu nilitii mapema. Hata Ford, wauza magari hao, walitoka hadharani kulalamika tarehe ikisogezwa, wameshamwaga hela zao. Mimi ni Ford mdogo.

Lakini nyumba ina joto. Yule mtoto aliacha ile pampu ya kifua mwezi wa pili. Hilo sitalisema kwa dalali maana atapandisha kodi.

Mama Shufaa, kuhusu fangasi, kuna sheria ya Awaab, yule mtoto wa Rochdale aliyekufa kwa ukungu. Watishie na hiyo.

Kutoka: Mzee Kibwana
Jumanne 3 Oktoba, saa 4:10 usiku

Rose pole na deni, umesema kweli tupu. Ila sheria ya Awaab ni ya nyumba za kaunsili na za mashirika ya nyumba, imepita Julai hii na bado hata muda wa kutengeneza haujapangwa. Mpangaji wa mtu binafsi haimhusu. Dada aende Environmental Health, kaunsili hiyo hiyo ila idara nyingine, waje kukagua kwa HHSRS, vipimo vyao vya hatari za nyumba, baridi kali na unyevu vyote viko kwenye orodha yao. Aandike kwanza kwa mwenye nyumba kwa maandishi, apige picha zenye tarehe.

Kutoka: Otieno (Reading)
Jumanne 3 Oktoba, saa 4:22 usiku

Na akipewa Section 21, ile notisi ya kuhama bila sababu, kesho yake? Mzee si wewe utampa nyumba.

Kutoka: Mzee Kibwana
Jumanne 3 Oktoba, saa 4:31 usiku

Kaunsili ikishampa mwenye nyumba improvement notice, amri ya kutengeneza, hawezi kumpa mpangaji Section 21 kwa miezi sita. Soma Deregulation Act 2015. Nimechoka.

Kutoka: Baba Neema
Jumatano 4 Oktoba, saa 6:30 mchana

Mnamwona Rishi huko Manchester? Leo kafuta na treni. HS2, ile reli ya kasi, haiji tena kaskazini. Huyu bwana ana kifutio badala ya kalamu.

Dada kuna pia hii mpya ya mwaka huu ya pamba, GBIS, yenyewe haiangalii benefiti, inaangalia bendi ya kaunsili taksi A mpaka E na EPC ya D kushuka chini. Jaribu hiyo.

Kutoka: Dada Rose
Jumatano 4 Oktoba, saa 7:12 mchana

A mpaka D kwa England. E ni Scotland na Wales. Na aliyepanga bado anahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, kwa hiyo tumerudi pale pale.

Kutoka: Msimamizi
Jumatano 4 Oktoba, saa 2:00 usiku

Ndugu zangu, (1) naomba siasa za nyumbani tupunguze, mara ya mwisho tulipoteza watu wanane kwa mjadala wa bandari. (2) Aliyetuma picha ya BRP (kadi ya ukaazi) yake kwa listi nzima ajue nimeifuta, usirudie. (3) Dada yeyote mwenye NRPF asiweke tiki kwenye Universal Credit, Child Benefit wala Housing Benefit kwa kubahatisha, ikija siku ya kuomba ILR, ukaazi wa kudumu, utaulizwa. (4) Jumamosi kikao cha chama kiko pale pale, pilau ipo, ila sufuria kubwa haijarudi tangu Idi, aliye nayo ajitaje.

Kutoka: Hamisi wa Tanga
Jumatano 4 Oktoba, saa 2:44 usiku

Msimamizi umetaja pilau umenimaliza. Leo nimempigia mama, Tanga mgao, umeme unakatika asubuhi unarudi jioni, mabwawa maji hayatoshi wanasema, na Mama Samia kaweka mkurugenzi mpya TANESCO kampa miezi sita. Mama kakaa barazani anapunga upepo na kipepeo cha ukili, joto. Mie huku nimevaa soksi mbili mbili. Nikamwambia mama tungechanganya hizi nyumba mbili tugawane ingekuwa sawa kabisa. Akacheka, akaniuliza lini narudi, nikasema mtandao unakata.

Kutoka: Otieno (Reading)
Jumatano 4 Oktoba, saa 3:01 usiku

Na IHS, ile ada ya afya ya viza, inaenda pauni 1,035 kwa mwaka. Mtu wa familia ya wanne atarudi na nini.

Kutoka: Dada Rose
Jumatano 4 Oktoba, saa 3:09 usiku

Wa Health and Care halipi IHS Otieno. Soma kwanza.

Kutoka: Baba Neema
Alhamisi 5 Oktoba, saa 11:55 alfajiri

Dada umeuliza kwenye kaunsili yenu kama wana SOI, tamko la vigezo vyao? Bila hiyo karatasi hakuna LA Flex. Njia ya kwanza ni kipato cha nyumba nzima chini ya 31,000 kabla ya makato, ni kipato tu. Mimi shemeji yangu alipita hivyo, lakini yeye nyumba ni yake, na alikuwa na ILR, na ilikuwa mwaka jana, na kaunsili nyingine. Ila ni kitu kile kile.

Kutoka: Mzee Kibwana
Alhamisi 5 Oktoba, saa 1:20 asubuhi

Si kitu kile kile.

Kutoka: Mama Shufaa
Alhamisi 5 Oktoba, saa 4:38 usiku

Nawashukuru wote, nimesoma kila kitu mara mbili, nimejua habari za Rosebank na Bunge la Ulaya na Zafira. Leo dalali kanipigia mwenyewe, sauti laini kabisa, kasema mwenye nyumba hana ubaya, anasubiri tu aone serikali itakayokuja itasema nini, uchaguzi mwakani au mwaka wa keshokutwa. Nikamuuliza fangasi nao wasubiri uchaguzi? Kasema atanitumia dawa ya kupulizia.

Kesho ndo Ijumaa. Pale kwenye benefiti bado sijui niandike nini.

Kutoka: Msimamizi
Alhamisi 5 Oktoba, saa 4:50 usiku

Sufuria jamani.

Kutoka: Mama Shufaa
Alhamisi 5 Oktoba, saa 4:53 usiku

Sufuria iko kwangu. Atakayekuja kuichukua aje kesho kabla ya saa nane, na kalamu nyeusi.