Wastani wa 99.94: Bradman alindwe na hesabu mpaka lini?

Gongo Kavu: Kwenye kriketi, Bradman wa Australia ana wastani wa mikimbio 99.94 kila anapotolewa, testi (mechi za siku kadhaa kati ya mataifa) 52. Tendulkar wa India 53.78, testi 200. Anayesema Tendulkar ndiye bora atuonyeshe hesabu yake.

Mtoto wa Parklands: Hizo 52 zote kazichezea ndani ya Australia na Uingereza tu, na 37 ni dhidi ya Waingereza walewale. Tendulkar kazunguka dunia nzima akirushiwa mpira na mabingwa kama Wasim, McGrath, Warne. Tena Waingereza walipoanza kumlenga Bradman mwilini kwa mpira, 1932 hadi 1933, wastani wa msimu ule uliporomoka hadi 56 na kitu.

Gongo Kavu: 56 bila helmeti, kaka. Wewe ungemaliza ova, mipira sita tu?

Pwani Tulivu: Mtu hupimwa na wenzake wa wakati wake. Waliomfuata kwa karibu Bradman wameishia 60 hivi, basi. Mkitumia namba kavukavu mtatuletea na Tikolo wetu wa Kenya hapa, aliyezoea kuwachapa wanyonge. Na nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 Kenya tulipewa na New Zealand walipogoma kuja Nairobi.

Shangazi wa Ova: Tulipewa?! Sri Lanka nao aliwalaza nani pale uwanja wa Gymkhana, Nairobi, majini? Collins Obuya wetu alichukua wiketi 5, yaani aliwatoa wapigaji watano, siku hiyo. Kijana, ulikuwa umezaliwa?

Pwani Tulivu: Nilikuwepo, shangazi, na heshima yako. Lakini pointi za bure ni pointi za bure.

Mtoto wa Parklands: Eti wanyonge. Kandy, Kombe la Dunia 1996, Tikolo alipiga mikimbio 96 dhidi ya Sri Lanka hao hao waliotwaa kombe mwaka ule.

Pwani Tulivu: Na tulifungwa. Walipiga karibu 400, au umesahau?

Shangazi wa Ova: Kenya haijapewa hadhi ya testi hata leo. Huo wastani wa kumlinganisha Tikolo na Bradman mtautoa wapi? Na Aasif Karim wetu je, 2003, alirudishwa keshastaafu, akawafunga Australia mikono kule Durban: ova 8 na mipira 2, mikimbio 7, wiketi 3, na nahodha wao Ponting ndani. Tumeshindwa mechi, mchezaji bora yeye.

Gongo Kavu: Shangazi, mechi moja si takwimu.

Shangazi wa Ova: Hapo ndipo mnapochosha. Afridi wa Pakistan alipopiga mikimbio mia kwa mipira 37 Gymkhana 1996 mbona hamkusema ni mechi moja?

Mtoto wa Parklands: Na inasemekana gongo lilikuwa la Tendulkar. Mia hiyo tumwandikie nani?