Tupeane uzoefu: Kompyuta ya mezani iliyogoma kabisa kuwaka, tatizo lilikuwa wapi?

Mchapaji wa Igoma (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salaam. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Igoma, Mwanza, na kazi yangu yote inategemea kompyuta za mezani za mtumba. Naomba kila mmoja aeleze kisa chake mwenyewe cha kompyuta iliyogoma kuwaka. Sisemei ile inayowaka bila kuonyesha picha, bali ile ambayo ukibonyeza kitufe hakuna feni inayozunguka wala mlio wowote. Nauliza kwa sababu inaniuma kuona mashine zikipimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ilhali pengine ubovu wake ungetibiwa kwa shilingi elfu chache.

Naanza na changu. Asubuhi moja ya msimu wa maombi ya vyuo, wateja wakiwa wamejaa hadi barazani, mashine yangu kubwa ilinyamaza. Nilibadilisha soketi, nikaazima waya wa umeme wa mashine ya pili, nikahakikisha kuwa swichi ya nyuma ya pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) imebonyezwa upande wa mstari na si wa duara. Fundi niliyemwita alisema madabodi, yaani ule ubao mkuu wa saketi, imekufa. Kabla sijakubali, nilifungua ubavu wa kasha, nikaona kitaa kidogo cha kijani kinawaka kwenye kona ya madabodi. Kitaa kile hakiwezi kuwaka kama umeme haufiki: zile volti 5 za kusubiri, ambazo huwapo hata mashine ikiwa imezimwa, zilikuwapo, na kilichokosekana ni amri ya kuamka. Nilichomoa nyaya mbili nyembamba zitokazo kwenye kitufe cha mbele, nikazigusanisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu, na feni zikaanza kuzunguka. Kumbe kitufe ndicho kilichokufa. Nilichukua nyaya za kile kitufe kidogo cha kuanzishia upya nikazichomeka mahali pake, na mpaka leo ndicho ninachowashia.

Mwalimu wa Nansio

Hongera kwa kutokubali upesi. Changu kilitokea hapa Ukerewe, nilipoletewa na ndugu yangu kompyuta iliyotumika Marekani. Nyuma ya pawa saplai yake kulikuwa na kiswichi chekundu cha kusogeza, chenye namba 115 upande mmoja na 230 upande wa pili, nami sikukitazama kwa sababu sikujua kuwa kina maana. Umeme wetu ni wa volti 230, na kiswichi kilikuwa kwenye 115. Nilipochomeka tu palitokea mshindo uliowatoa watoto nje, ukafuatiwa na moshi wenye harufu kali. Baada ya kununua pawa saplai nyingine niligundua kuwa sehemu nyingine zote zilisalimika, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo, maana lingeweza kuwa baya zaidi. Tafadhali, anayepokea mashine kutoka nje aanze na kiswichi hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Mama wa Kirumba

Yangu ilizima umeme ulipokatika usiku, na uliporudi haikuwaka tena. Mwanangu aliniambia nichomoe waya ukutani, nibonyeze kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa nusu dakika, kisha nichomeke upya. Iliwaka. Tangu siku hiyo umeme ukikatika nachomoa kwanza, nasubiri utulie.

Fundi wa Nyegezi

Mama, ulifanya sawasawa: kushikilia kitufe kulimaliza chaji iliyobaki ndani.

Ninaloliona sana kwenye mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni kapasita (vihifadhi vya chaji ya umeme) zilizovimba. Tazama vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kichwa cha kapasita nzima huwa bapa, lakini iliyokufa huinuka kama kifuniko cha kopo la chakula kilichochacha, na nyingine huacha utomvu wa kahawia pale juu au chini yake. Nimefufua madabodi kadhaa kwa kubadilisha kapasita tano au sita, nikihakikisha kwamba maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji) ni zilezile, kwamba volti si pungufu ya za awali, na kwamba upande wenye mstari wa hasi haukugeuzwa.

Huku kwetu ziwani kuna jambo la ziada. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufuata taa usiku, wakaingia kwenye feni na kufia humo, na mizoga yao ikichanganyika na vumbi na unyevu hugeuka tandabui zito linaloziba hewa. Hata hivyo, nawasihi msifungue pawa saplai yenyewe ili kuisafisha, kwa kuwa kapasita zake kubwa huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Pulizeni kwa nje, mengine mwachieni fundi.

Mkazi wa Sengerema

Fundi, nami nina mashine ya namna hiyo, na kitaa cha madabodi kinawaka kwa unyonge sana. Ninayo mita ya kupimia volti. Nipime wapi?

Fundi wa Nyegezi

Acha mashine ikiwa imechomekwa. Kwenye plagi pana iendayo kwenye madabodi tafuta waya wa zambarau, weka ncha nyeusi ya mita kwenye waya wowote mweusi na nyekundu kwenye huo wa zambarau. Panapaswa kusomeka kati ya volti 4.75 na 5.25.

Mkazi wa Sengerema

Nimepima mara tatu. Inasomeka 3.8, na nikichomoa plagi kutoka kwenye madabodi inapanda hadi 4.9.

Fundi wa Nyegezi

Basi pawa saplai imechoka, haiwezi kubeba mzigo, ingawa yawezekana pia kuna kitu kwenye madabodi kinachoivuta chini. Azima nyingine nzima uijaribu kwanza, usinunue kwa kubahatisha.

Mchapaji wa Igoma

Ndugu wa Sengerema, ninayo ya akiba hapa dukani, inafanya kazi. Ukivuka na kivuko cha Kamanga, njoo na kasha lako tuijaribu pamoja kabla hujatoa hata shilingi moja.

Mkazi wa Sengerema

Nashukuru sana, ndugu yangu. Jumamosi asubuhi nitavuka nalo.